Mji Wenye Vibao na Kata Isiyo na Uzinduzi: Magazeti, Kazi ya Kujitolea na Kamusi Elezo ya Mtandaoni, kutoka Monmouth hadi Iyula

Tarehe 19 Mei 2012, Monmouth, mji mdogo wa Wales wenye wakazi wapatao elfu kumi, ulitangazwa kuwa mji wa kwanza wa Wikipedia duniani. Zaidi ya vibao na lebo 1,000 vyenye misimbo ya QR vilikuwa vimebandikwa kwenye kuta za majengo ya kale, milango ya shule na madirisha ya maduka. Mpita njia aliyeelekeza kamera ya simu yake kwenye kibao alifikishwa kwenye makala ya jengo lililo mbele yake, tena kwa lugha ya simu hiyo, mradi makala ilikuwapo kwa lugha hiyo. Vyombo vya habari vya Uingereza na vya nchi nyingine vililipokea tukio hilo kwa furaha. Habari yenyewe ilikuwa tayari kupikika: mji wa kale, teknolojia mpya, na neno "wa kwanza".

Iyula, kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, nayo ina ukurasa wake katika Wikipedia ya Kiswahili. Ukurasa huo hauna kibao, wala haukuzinduliwa na kiongozi yeyote. Ni makala fupi ya aina iliyoandikwa kwa kata za Tanzania kwa jumla: jina, wilaya, mkoa, na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Insha hii inaziweka kurasa hizo mbili mkabala ili kuchunguza jinsi vyombo vya habari vilivyosimulia kazi ya watu wanaojitolea kuunganisha miji na kamusi elezo za mtandaoni, na namna masimulizi hayo yanavyoathiri kile ambacho mahali kama Iyula panaweza kuandikiwa. Hoja inayojengwa ni kwamba kimya cha magazeti hakiishii kwenye kukosa sifa. Kamusi elezo ya aina hii hujengwa juu ya maandiko yaliyokwisha kuchapishwa, na gazeti linapokuwa kimya, makala hukosa chakula.

Yafaa kwanza kueleza Monmouth kulifanyika nini. Mfumo wa QRpedia ulibuniwa mwaka 2011 na Roger Bamkin na Terence Eden, ukatumiwa mwanzoni katika jumba la makumbusho la Derby, Uingereza. Wazo la kutoka kwenye jumba moja hadi mji mzima lilitolewa na John Cummings, mkazi wa Monmouth, baada ya kuhudhuria mhadhara kuhusu mfumo huo. Baraza la Monmouthshire lilishirikiana na Wikimedia UK, na mji ukawekewa intaneti ya bure isiyotumia waya. Watu wa kujitolea waliandika au kuboresha mamia ya makala, na wengine walio mbali, ambao hawakuwahi kukanyaga Monmouth, wakazitafsiri kwa lugha zaidi ya ishirini.

Katika mambo hayo, magazeti yalichagua machache. Kibao kilipigwa picha kwa sababu kinapigika picha. Utalii ulitajwa kwa sababu baraza lilitaka utajwe. Kazi ya miezi kadhaa ya kukagua tarehe za ujenzi wa daraja, kusoma rejista za kanisa na kubishana juu ya tahajia haikupata nafasi ya kulingana na uzito wake. Si ajabu, gazeti hutafuta tukio, na uhariri ni mwenendo usio na siku yake. Lakini matokeo yake ni kwamba msomaji alibaki na picha ya mradi wa vibao, ilhali vibao vilikuwa njia tu ya kuifikia kazi iliyofanywa kwingine.

Miezi michache baadaye picha iligeuka. Mradi kama huo ulitangazwa Gibraltar kwa jina la Gibraltarpedia, na mwezi Septemba 2012 vyombo vya habari viliripoti kwamba Bamkin, ambaye wakati huo alikuwa mdhamini wa Wikimedia UK, alikuwa pia na mkataba wa ushauri na serikali ya Gibraltar, huku makala za Gibraltar zikitokea mara kwa mara kwenye ukurasa wa mwanzo wa Wikipedia ya Kiingereza. Alijiuzulu udhamini. Ukaguzi huru wa uendeshaji wa Wikimedia UK uliagizwa na kutolewa mwanzoni mwa mwaka 2013. Habari hizo zilikuwa za haki, na suala la mgongano wa maslahi halikuwa dogo. Hata hivyo inafaa kutambua kwamba mradi wa mji na kamusi elezo ulipata nafasi magazetini katika hali mbili tu, yaani siku ya sherehe na siku ya kashfa. Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na maelfu ya masahihisho madogo yaliyofanywa na watu wasiolipwa na yeyote.

Mwelekeo huohuo unaonekana katika habari za Wikipedia ya Kiswahili. Kamusi elezo hiyo ilianzishwa mwaka 2003 na kwa miaka kadhaa iliendeshwa na wachache sana. Mwezi Agosti 2006 gazeti la The New York Times lilichapisha habari kuhusu kukua kwa Wikipedia za lugha za Kiafrika, na miongoni mwa waliotajwa ni Mtanzania Ndesanjo Macha, mwanasheria na mwanablogu aliyekuwa mstari wa mbele kuwahimiza wenzake kuandika kwa Kiswahili. Mwezi Januari 2010 gazeti hilohilo lilirejea kwenye Kiswahili, safari hii kwa sababu ya Google, iliyokuwa imeandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na zawadi kama kompyuta na simu zikatolewa. Swali lililoulizwa wakati huo lilikuwa la msingi: je, washindani wangebaki baada ya zawadi kugawiwa? Wengi hawakubaki. Wahariri wa siku zote, waliokuwapo kabla ya shindano, ndio walioachiwa kazi ya kusahihisha na kupanga makala zilizoingia kwa wingi na kwa haraka.

Kinachostahili kuzingatiwa ni mahali habari hizo zilipochapishwa. Gazeti la New York ndilo lililoona kwamba lugha inayozungumzwa Vwawa na Mlowo ina kamusi elezo yake, na liliona hivyo hasa pale kampuni kubwa ya Marekani ilipoingia uwanjani. Mwenyeji alikuwa akilima. Shamba likajulikana siku alipopita mgeni.

Kwa upande wa kata, kazi ilifanyika bila mgeni. Wahariri wachache walichukua orodha za sensa ya mwaka 2002 na kuanzisha ukurasa kwa kila kata, wilaya baada ya wilaya. Baadaye takwimu za sensa ya mwaka 2012 ziliingizwa juu yake. Makala hizo zimedharauliwa mara nyingi kwa ufupi wake, na ni kweli kwamba msomaji wa Iyula hajifunzi humo jambo asilolijua kuhusu kwao. Lakini dharau hiyo haioni faida yake. Ukurasa mfupi ni kiwanja kilichopimwa. Unaliweka jina mahali pake, unalitenganisha na majina yanayofanana nalo, na unampa mwandishi wa kesho pa kuanzia. Tena unahitaji matunzo, jambo linaloonekana wazi katika historia ya Mbozi yenyewe. Katika sensa ya mwaka 2012 Iyula ilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mwaka huohuo Wilaya ya Momba ilikuwa imemegwa kutoka Mbozi. Mwezi Januari 2016 Mkoa wa Songwe ukaundwa, makao makuu yakawa Vwawa. Kila badiliko la namna hiyo lilizifanya kurasa nyingi za kata ziseme uongo kwa usiku mmoja, hadi mtu alipokaa kitako na kuzirekebisha moja moja. Magazeti yaliandika, kama ilivyostahili, juu ya mkoa mpya. Marekebisho ya kurasa hayakuwa habari, na pengine hayawezi kuwa habari kwa vipimo vya kawaida vya chumba cha habari.

Hapo ndipo uhusiano wa gazeti na kamusi elezo unapokuwa suala la kihistoria kuliko la sifa. Kwa kanuni za Wikipedia, mahali panapotambuliwa kisheria panakubalika kuwa na makala, kwa hiyo kuwapo kwa ukurasa wa Iyula hakuna ubishi. Kuukuza ni jambo jingine. Kila sentensi inayoongezwa inatakiwa kuegemea chanzo kilichochapishwa, na utafiti wa moja kwa moja wa mhariri haukubaliki. Mzee wa Iyula anaweza kueleza asili ya jina, zao lililotangulia kahawa, na njia iliyotumika kabla ya barabara kuu. Maelezo yake, hata yakiwa sahihi kabisa, hayaingii mpaka yachapishwe na mwingine. Katika nchi yenye magazeti ya mitaa kwa wingi, kama Wales, pengo hilo huzibwa na gazeti la wiki linaloripoti hata mnada wa kanisa. Katika Songwe gazeti la kitaifa hutegemea waandishi wa mkoani, wengi wao wakilipwa kwa habari iliyochapishwa. Mwandishi wa namna hiyo atapeleka msongamano wa malori kwenye mpaka wa Tunduma na Nakonde, atapeleka bei ya kahawa, atapeleka ziara ya waziri. Mbozi ya magazetini, zaidi ya hayo, ni kimondo: jiwe la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, lililofahamika kwa wanasayansi tangu mwaka 1930. Kata isiyo na mpaka wala kimondo husubiri ajali au uchaguzi.

Haikuwa hivyo daima katika uandishi wa Kiswahili. Gazeti la Kiongozi, lililotolewa Tanga enzi za Wajerumani kuanzia mwaka 1904, lilipokea habari kutoka kwa walimu na makarani waliotawanyika bara. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Waingereza mwaka 1923, liliendeleza desturi hiyo kwa kuchapisha barua na habari kutoka wilayani: mvua, mavuno, ufunguzi wa shule, msiba wa mtu mashuhuri wa mji. Waandishi wake wengi hawakuwa wanahabari wa kulipwa. Walikuwa watu wa kujitolea waliotaka mji wao uonekane katika karatasi inayosomwa na nchi nzima. Ni kweli kwamba serikali ya kikoloni ndiyo iliyoshika kalamu ya mwisho, na habari zisizoipendeza hazikupita. Hata hivyo mtafiti wa leo anazitumia safu hizo, kwa sababu zimeandika mambo ambayo hakuna ofisi iliyoyaandika. Katika miaka ya 1970 magazeti ya vijijini yaliyoandamana na kampeni ya kisomo, kama Elimu Haina Mwisho la Mwanza, yalifufua kwa muda kitu kinachofanana nalo. Mhariri wa kujitolea wa Wikipedia ni mrithi wa mwandishi huyo wa barua kuliko anavyodhaniwa. Tofauti ni kwamba mwandishi wa Mambo Leo aliruhusiwa kusema aliyoyaona kwa macho yake, na mrithi wake amekatazwa.

Kwa sababu hiyo, kuuhamishia Iyula mradi wa aina ya Monmouth kwa kuanza na vibao kungekuwa kuanzia kwenye paa. Kibao kingempeleka mwenye simujanja kwenye mistari michache ya sensa. Uzinduzi ungeandikwa gazetini, bila shaka, na habari hiyo ingekuwa chanzo kinachoweza kunukuliwa, ila kingekuwa chanzo juu ya kibao, si juu ya Iyula.

Vyanzo vya aina nyingine vipo, navyo havitoki magazetini. Wamoravian walifungua kituo chao cha Mbozi mwaka 1899, na kumbukumbu za mmisionari Traugott Bachmann, aliyeishi miongoni mwa Wanyiha, zilichapishwa kwa Kijerumani. Beverley Brock aliandika kuhusu Wanyiha wa Mbozi katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1966, na sura yake nyingine juu yao imo katika kitabu cha Tanzania Before 1900, kilichohaririwa na Andrew Roberts na kutoka mwaka 1968. Maandishi hayo yamekaa katika lugha mbili ambazo si za shambani Iyula, na katika maktaba ambazo mwanafunzi wa sekondari wa Mbozi hafiki kwa urahisi. Tasnifu za Kiswahili zilizowekwa wazi kwenye hazina za vyuo vikuu, zikiwamo zile zinazokusanya majina ya mahali na masimulizi ya wazee, zinakidhi sharti la kuchapishwa ambalo mazungumzo ya barazani hayalikidhi. Mtahiniwa anayerekodi asili ya majina ya kata za Mbozi, akataja tarehe ya mahojiano na kuiweka kazi yake mahali inapofunguka bila malipo, anampa mhariri wa kujitolea tanbihi ambayo gazeti halikumpa.