Misitu ni Mali, Tumbaku ni Fedha

Wanahistoria wa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, huisimulia sana miembe yake. Mimi huvutiwa zaidi na misitu ya miombo inayoizunguka Tabora, na juhudi za taifa za kuwafundisha watu wazima kuitunza.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mfumo uleule, ikafuata Misitu ni Mali.

Lakini mkulima wa Urambo aliishi kwa tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa kuni ndani ya bani. Redio ilimwambia apande. Tumbaku ilimtaka akate. Kipi kingeshinda?

Kwa Tabora, ningelianza somo na mrina asali. Anayetundika mzinga tayari ana sababu ya kuuacha mti usimame. Naye pia ana la kujifunza: mti uliochunwa gome la kutengenezea mzinga aghalabu hufa.