Siku Tano Tano Kuelekea Baridi

Insha nyingi za historia huandikwa juu ya vita na wafalme. Yangu inahusu mambo madogo: jalidi ya kwanza kwenye majani, kiazi kitamu kilichookwa, siku ya kuweka makaa chini ya meza. Wajapani wameyaandika mambo ya namna hiyo katika kalenda zao kwa mamia ya miaka, na mimi hupenda hasa yale ya Novemba na Desemba, miti inapomaliza kupukutisha majani na baridi kali inapobisha hodi. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Uganda, ambako theluji iko juu ya Rwenzori tu. Hata hivyo kalenda hizo zinaniuliza swali ambalo sisi pia tunalo darasani: je, majira ya kwako unaweza kuyaazima kutoka kwa jirani?

Jirani hapa ni China. Wachina wa kale waliugawa mwaka wa jua katika vipindi 24, kila kimoja cha siku 15 hivi, kisha kila kipindi wakakikata mara tatu. Vikapatikana vipande 72 vya siku tano tano, na kila kipande kikapewa jina la jambo linaloonekana wakati huo: ndege fulani anarudi, mdudu fulani ananyamaza. Mkulima alivihitaji kwa sababu miezi yake ilifuata mwandamo. Miezi 12 ya mwandamo hupungua siku kama 11 kuufikia mwaka wa jua, ndiyo maana kila baada ya miaka miwili au mitatu ilibidi uongezwe mwezi wa 13. Aliyepanda kwa kuutazama mwezi peke yake angeweza kukosea kwa wiki kadhaa.

Tatizo ni kwamba vipande hivyo vilitungwa kwa kuitazama nchi ya kaskazini mwa China, penye Mto Manjano. Japani ni visiwa, na majira yake hayaendi sawa na ya bara. Tena baadhi ya majina yalikuwa hekaya. Mwezi Oktoba kalenda ilisema shomoro huingia majini wakageuka makombe. Baada ya kati ya Novemba ndege mwingine mkubwa, jamii ya kwale, naye hugeuka kombe kubwa zaidi. Nadhani mtu fulani wa zamani aliona shomoro wamepungua mashambani na makombe yamejaa ufukweni, akaunganisha mambo mawili. Simcheki. Alau huyo alitoka nje akatazama. Waliokuja baada yake walinakili tu.

Kalenda rasmi ya Japani iliyotoka China ilianza kutumika mwaka 862 na kuendelea hadi 1684. Kufikia mwisho wake ilikuwa imeachana na jua kwa siku mbili. Aliyelishughulikia jambo hilo ni Shibukawa Shunkai, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1639 katika ukoo wa wachezaji wa go, mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe. Mwaka 1673 aliiomba serikali ichukue kalenda nyingine ya Kichina, iliyo bora zaidi, ya enzi ya utawala wa Wamongolia. Ombi lake lilianguka mwaka 1675. Jua lilipatwa, ile kalenda bora ikawa imekosea na ile kuukuu ikawa imepatia! Fikiria fedheha yake mbele ya wakubwa.

Shunkai hakususa. Aliendelea kupima vivuli na nyota, akatambua kwamba Japani iko mashariki zaidi ya China, kwa hiyo hesabu iliyo sahihi kule haiwezi kuletwa huku bila kurekebishwa. Safari hii alipeleka kalenda yake mwenyewe. Ilikubaliwa 1684, ikaanza kutumika 1685, naye akawa mwanafalaki wa kwanza wa serikali ya shogun. Vile vipande 72 navyo aliviandika upya vilingane na nchi yake. Shomoro wakaacha kugeuka makombe.

Orodha hiyo ilirekebishwa tena mwaka 1874, na ndiyo inayochapwa hadi leo. Nikiifuata kuanzia mwisho wa Oktoba, naona mtu anatembea polepole kuelekea baridi. Jalidi ya kwanza inaanguka. Manyunyu yanapita na kukoma. Majani ya mti wa momiji yanabadilika rangi. Tarehe 7 Novemba au karibu nayo, siku ambayo kalenda inaiita mwanzo wa baridi, linachanua ua ambalo ni ndugu wa mchai wetu, yaani katika wiki ile ile ambayo kila kitu kingine kinakufa. Kisha ardhi inaanza kuganda. Upinde wa mvua unajificha, kwa kuwa jua limekuwa dhaifu. Upepo wa kaskazini unafagia majani, na hapo hapo chungwa dogo liitwalo tachibana linaanza kuwa njano. Katikati ya Desemba dubu anaingia pangoni. Mimi nisiyeijua baridi hiyo ninavutiwa na kitu kimoja: aliyeipanga orodha hakuandika baridi kama msiba. Kila kinapoondoka kitu, siku tano au kumi baadaye anakutafutia kingine cha kutazama.

Mjini nako watu walikuwa na vyao. Tayari karibu mwaka 1000 Sei Shonagon, mwanamke aliyemtumikia malkia Teishi, alikuwa ameisifu asubuhi ya mapema ya majira ya baridi, watumishi wakipita haraka na makaa ya moto, na akalalamika kwamba kufikia mchana makaa yamekuwa majivu meupe yasiyopendeza. Miaka mia kadhaa baadaye, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, moto wa nyumbani ulikuwa na tarehe yake. Kotatsu ni meza fupi iliyofunikwa mfarishi mzito, chini yake makaa. Ukishaingiza miguu hutaki kuitoa. Haikuwashwa hovyo hata kama baridi inauma. Ilisubiriwa siku ya nguruwe mwitu katika mwezi wa kumi wa mwandamo, kwa maana siku zilihesabiwa kwa wanyama 12, na nguruwe mwitu alihusishwa na maji, akaaminiwa kuzuia moto. Nyumba za samurai ziliwasha siku ya kwanza ya nguruwe. Watu wa kawaida walingoja ya pili, yaani siku 12 zaidi, kana kwamba baridi inatambua cheo. Lakini hofu ya moto haikuwa ya kubuni. Mji ule wa mbao uliteketea sehemu kubwa mwaka 1657.

Na kiazi kitamu! Hapa mtu wa Uganda anaweza kuketi pamoja nao bila mkalimani. Kilitoka Amerika, kama kilivyotufikia sisi. Kilifika kusini mwa Japani mwanzoni mwa karne ya 17 kupitia visiwa vya Ryukyu, na mwaka 1735 mwanazuoni Aoki Konyo alikipanda Edo kwa majaribio, kwa idhini ya serikali, kiwe chakula cha kuokoa watu wakati wa njaa. Kabla karne haijaisha kilikuwa kimegeuka kitu cha kupasha mikono moto njiani. Walinzi wa malango ya mitaa walikioka na kukiuza kuongeza kipato. Vibao vyao vilikuwa na mzaha ambao mwanafunzi yeyote wa lugha ataufurahia. Kuri ni kokwa tamu ya mti, inayopendwa sana majira hayo. Lakini sauti hiyo hiyo, ku-ri, ni pia «ri tisa», na ri ni kipimo cha safari. Muuzaji aliandika kibaoni «ri nane na nusu», maana yake kiazi chake kimebakisha kidogo tu kukifikia kuri kwa utamu. Wengine wakapandisha, wakaandika «ri kumi na tatu», kwa sababu maneno ya Kijapani yenye maana ya «kuliko kuri» husikika kama tisa na nne.

Kisha ikaja amri. Siku ya 9 ya mwezi wa 11, mwaka wa tano wa Meiji, serikali ilitangaza kwamba Japani inahamia kalenda ya Ulaya. Mwezi wa 12 ulipata siku mbili tu. Iliyokuwa iwe siku yake ya tatu ikawa 1 Januari 1873. Watu walipewa muda usiofika mwezi mmoja kujiandaa. Sababu mojawapo ilikuwa fedha: mwaka uliokuwa unakuja ungekuwa na miezi 13, na watumishi wa serikali walilipwa kwa mwezi. Okuma Shigenobu, aliyekuwa na usukani wa fedha, alilieleza jambo hilo baadaye bila kuficha. Sikukuu nyingi zikang'oka kwenye majira yake. Mwaka Mpya, uliokuwa mlango wa machipuo, ukaangukia katikati ya baridi, na kadi za salamu hadi leo huukaribisha kwa neno la machipuo huku watu wamevaa makoti. Vipande 72 havikuyumba, kwa kuwa tangu mwanzo vilifuata jua.

Kinachovitikisa sasa ni nchi yenyewe. Idara ya hali ya hewa ya Japani ilianza mwaka 1953 kuandika kwa utaratibu mmoja nchi nzima siku ambayo mimea na wanyama mbalimbali huonekana, na ilikuwa inafuatilia aina 57. Kuanzia Januari 2021 ilibakiza mimea sita tu. Wanyama wote waliachwa, kwa sababu karibu na vituo vya mijini wamekuwa adimu kuonekana. Katika matukio tisa yaliyobaki, manne ni ya majani ya mwisho wa mwaka: momiji na mti wa icho kubadilika rangi, kisha kumwaga majani.

Narudi kwenye swali la jirani. Kamusi zetu hutafsiri majira ya Ulaya kwa maneno ya pwani: majira ya kupukutika majani huitwa vuli, na ya baridi huitwa kipupwe. Lakini vuli ya pwani ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na kipupwe ni ubaridi wa Juni na Julai. Mtoto wa Kampala anayesoma kwamba theluji huanguka wakati wa kipupwe ana shomoro wake aliyegeuka kombe. Mimi katika tafsiri zangu huandika «majira ya kupukutika majani», hata kama mwalimu analiona refu, na vuli ninawaachia wenyewe.

Kiganda kina kalenda ambayo Shunkai angeielewa upesi. Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu. Novemba ni Museenene, mwezi wa nsenene, panzi wa kijani wanaokuja usiku na mvua. Nyumbani kwetu upande wa Masaka, mwezi huo watu husimamisha mabati yanayong'aa juu ya mapipa na kuwasha taa kali, na asubuhi akina mama huketi barazani wakinyonyoa mabawa na miguu kabla ya kuwakaanga kwa chumvi na kitunguu. Jjajja anasema wanapungua, na kwamba miaka mingine Novemba hupita pipa likiwa tupu. Jina la mwezi limebaki lile lile.