Konifa Si Msonobari

Kijitabu cha wageni wanaopita Kanombe, Kigali, wakielekea kiwanja cha ndege kimenifikia, na ukurasa wake wa maua umenikera. Kinamwelekeza msomaji atambue ua la mwitu la asili, la mmea unaoishi miaka mingi, "liotalo katika misitu ya misonobari ya milimani". Ua lenyewe ni Impatiens kilimanjari, jekundu lenye manjano, lililochomoza kijipembe kilichojikunja nyuma. Wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Machame hulikuta kwenye msitu wenye unyevu.

Msitu huo hauna msonobari wa asili hata mmoja. Afrika yote kusini ya Sahara haina. Hata huku Rwanda, misonobari inayouzunguka msitu wetu wa Nyungwe ilipandwa kwa mkono wa mtu, asili yake Mexico, na chini yake hutandaa majani makavu mazito ambayo mimea midogo hupenya kwa shida. Mgeni akikiamini kijitabu atalitafuta ua mahali pasipo pake.

Chanzo cha kosa hilo ni mazoea ya wanakamati fulani wa istilahi kutafsiri konifa (conifer ya Kiingereza), ukoo mzima wa miti kama msonobari, mwerezi, mtarakwa na podo, kuwa msonobari. Msonobari tuliupata kwa Waarabu, sanawbar, nao ni Pinus. Mwerezi pia una Kiarabu ndani yake, arz. Biblia ikatuzoesha mierezi ya Lebanoni, kisha jina likahamia kwa mtarakwa wetu, Juniperus procera, mreteni pekee duniani uliovuka ikweta kwa asili yake. Podo ni jina la maseremala, lililokatwa kutoka Podocarpus. Miti mmojammoja, basi, ina majina ya kutosha. Kinachokosekana ni jina la ukoo mzima, na jina la ndugu mmoja haliwezi kuwa la ukoo.

Wapo wanaopendekeza "mzaakoni", wakijivunia Kilatini: conus, koni, na ferre, kubeba. Wamesahau mvinje. Mvinje wa pwani una vitunda vigumu vinavyofanana kabisa na koni, na si konifa. Ni mti utoao maua. Podo nayo huikalisha mbegu juu ya kikonyo kinene chenye wekundu, na mtarakwa huzaa vitu vya buluu ambavyo mtoto yeyote ataviita matunda. Kwa istilahi hiyo mwanafunzi wa Mombasa atauingiza mvinje na kuitoa podo, naye atakuwa amefuata neno sawasawa!

Mimi nasema mkonifa, mikonifa. Wanaoliita neno geni wajibu kwanza kuhusu mkaratusi, ambao kwa Kigiriki maana yake ni iliyofunikwa vizuri. Nani aliwahi kuuliza maana hiyo kabla ya kukata nguzo? Neno likiingia bila kueleza chochote, halimdanganyi mtu, na M- na MI- zetu hulivaa bila kubana.

Matumizi: "msitu wa mikonifa ya asili". Ukifika humo, tazama kwanza kama juu kuna podo au mtarakwa, ndipo uinamie ua na kulipima kwa kijipembe chake.

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na vijitabu vya aina hii vitaongezeka. Wahariri, mkilikataa neno langu, andikeni basi "misitu ya podo na mitarakwa". Misonobari ifuteni.