Je, Nyumba Yenu Iko Tayari Kumpokea Paka?



Wasomaji wetu wapenzi, watoto wa huku kwetu kaskazini mwa Cabo Delgado wana ombi moja lisilokwisha: paka wa jirani kazaa, nao wanataka mmoja. Safari hii tumeona tuwajibu kwa kuanzia mbali, kwani jambo lenyewe ni kongwe kuliko nyumba zetu.

Wataalamu wanamnasibisha paka wa nyumbani na paka-mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Kisiwani Cyprus lilifukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500, mtu kalazwa na paka karibu yake. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, basi huyo alivushwa kwa chombo. Kilichowakutanisha watu na paka ni nafaka: palipo na ghala pana panya, na palipo na panya paka hujileta mwenyewe. Pwani yetu mambo ni yale yale. Unguja Ukuu wachimbuaji wameikuta mifupa ya panya weusi wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na panya hao walikuja na vyombo vya biashara ya Bahari ya Hindi. Visiwa vya Kerimba navyo vilijulikana kwa kupeleka chakula Kisiwa cha Msumbiji. Mwenye kuweka mtama na mpunga hahitaji kuelezwa faida ya paka.

Kwa Waislamu liko na zaidi ya panya. Abu Qatada (R.A.) aliwekewa maji ya kutawadhia na mkwewe, Kabsha. Paka akaja kunywa. Mzee yule akakiinamisha chombo mpaka paka akatosheka, kisha, alipoona mkwewe anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha ya kwamba paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Ndiyo maana bibi zetu hawakumwaga maji kwa sababu ya paka.

Lakini iko na Hadithi ya pili, waliyoipokea Bukhari na Muslim, na hii ndiyo tunayotaka wazazi waisome na watoto wao kabla ya kuitikia. Mwanamke aliadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa: hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie wadudu wa ardhini. Angalieni vizuri. Anayekosa cha kumpa paka bado ana njia, amwache huru. Kosa ni kumfungia kisha kumsahau.

Huku kwetu hilo si jambo la vitabuni tu. Mwanzoni mwa karne ya 19 wavamizi kutoka Madagaska walikuja na ngalawa zao, wakaunguza na kuteka watu, wenyeji wakakimbia. Mwaka 1887 Wareno walipiga Tungi kwa mizinga. Oktoba 2017 vita vilianza Mocímboa da Praia, Agosti 2020 mji ukatekwa, ukarudishwa Agosti 2021. Na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma.

Siku hiyo tulitoka na nguo tulizovaa. Paka wetu tulikuwa tumemfungia stoo, kwa sababu ya panya waliokuwa wanatoboa magunia. Tulikwisha kufika upande wa Quitunda ndipo mmoja wetu alipotia mkono mfukoni akaukuta ufunguo. Hakuna aliyesema neno. Kurudi kulikuwa hakuna. Wiki kadhaa baadaye jirani aliyepita pale alitueleza kuwa mlango wa stoo umevunjwa, mchele wote umechukuliwa, na paka yuko juu ya paa la jirani. Walioiba mchele ndio waliomwokoa. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Kwa hiyo watoto walipoomba paka mwingine tulichukua siku nyingi kujibu. Tuliulizana nani atamlisha tukisafiri; nani atampeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, maana paka naye huupata na kuuambukiza; nani atazoa kinyesi, kwa vile mama mjamzito haifai akiguse. Habari ya bei haikutusumbua. Iko Hadithi inayokataza thamani ya paka, na ingawa wanavyuoni wengi, wakiwemo Mashafii, wanajuzisha kumuuza, kwetu paka huombwa kwa jirani.

Fundi alikuja Ijumaa baada ya Swala akakata tundu chini ya mlango wa stoo, kiasi cha kupita paka. Panya nao watapita, alitukumbusha. Tukamwambia akate tu. Paka tulimleta Jumapili.