Panya Road

Njia ya panya ni kichochoro cha kukwepa njia kuu, hasa kwa wapitisha magendo. Dar es Salaam iliugeuza msemo huo kuwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, Panya Road, ukawa jina la vikundi vya vijana wenye mapanga vilivyotia jiji hofu Januari 2015 na tena Septemba 2022. Jina hilo linatisha, lakini pia linaficha. Panya hutegwa, haulizwi kwa nini aliacha shule, nani alimlea, wala jana alikula nini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Akikosa, ashtakiwe na arekebishwe. Samaki mkunje angali mbichi. Ila kwanza tumwite mtu.