Kuipita Nuru: Kutoka Ungo wa Usukumani hadi Setilaiti ya Uhuru

Kwa mstari ulionyooka, Mwanza na Bukoba zimetenganishwa na takriban kilomita 180, masafa ambayo meli ya abiria huyakata kwa usiku mzima, ilhali nuru, iendayo karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ingeyamaliza kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijatimia. Tangu mwaka 1905, Albert Einstein alipochapisha nadharia ya uhusianifu, inayoeleza jinsi vipimo vya umbali na wakati vinavyotegemea mwendo wa mpimaji, mwendo huo wa nuru umehesabiwa kuwa kikomo, kwa kuwa chombo kinapoukaribia, nishati ya kukiongezea kasi huzidi kukua pasipo mwisho.

Masimulizi hayakungoja ruhusa ya fizikia. Katika Kanda ya Ziwa, kama kwingineko Tanzania, husimuliwa habari za wachawi wapandao ungo usiku, wakafika nchi za mbali na kurejea kabla ya jogoo kuwika. Ni fasihi tamu zinapobaki kuwa simulizi, ingawa tuhuma za uchawi zimewagharimu vikongwe wengi wa Usukumani maisha yao. La kuzingatia ni kwamba ungo hauna injini, wala msimuliaji hahesabu kasi yake: umbali wenyewe ndio unaoondolewa. Mwandishi Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, aliifikisha mbali zaidi mbinu ya namna hiyo katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya ambazo hazina roketi hata moja, lakini ambamo mahali na wakati havimfungi mhusika, naye huweza kukutana na wanafikra wa enzi zilizoachana kwa karne nyingi.

Upande wa sayansi, Afrika Mashariki iliingia katika historia ya kikomo hicho cha nuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, wakati setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani iliporushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Miongoni mwa vilivyochunguzwa nayo ni chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1, ambacho miali yake ilionekana kupanda na kushuka mara kadhaa katika sekunde moja. Hapo kikomo cha nuru kiligeuka kuwa rula: kwa kuwa hakuna taarifa inayoweza kutoka upande mmoja wa kitu hadi mwingine kwa kasi kubwa kuliko ya nuru, kitu kinachobadilika upesi hivyo hakina budi kuwa kidogo, na hesabu zilionyesha eneo la kilomita laki moja hivi, dogo mno likilinganishwa na Jua. Ndivyo ulivyopata nguvu ushahidi wa kuwapo kwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano ambao hata nuru haiponyoki. Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyekuwa ameweka dau na mwanafizikia mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, alikubali kushindwa mwaka 1990.

Thorne huyohuyo aliombwa ushauri na mwanaastronomia Carl Sagan, aliyekuwa akiandika riwaya ya Contact (1985), kuhusu safari ya kwenda kwenye nyota za mbali, na kutokana na swali hilo la kifasihi yeye na Michael Morris wakachapisha mwaka 1988 hesabu za handaki linalokatisha anga. Mwaka 1994 mwanafizikia Miguel Alcubierre wa Mexico, aliyechochewa na tamthilia ya Star Trek, alipendekeza anga lisinyae mbele ya chombo na kutanuka nyuma yake, chombo chenyewe kisiipite nuru iliyo jirani nacho. Njia zote mbili, kama ungo, huushughulikia umbali badala ya mwendo. Lakini zote hudai nishati hasi, yaani iliyo chini ya ile ya ombwe tupu, ambayo athari zake hupimwa maabara baina ya mabamba mawili ya metali yaliyokaribiana mno, kwa kiasi kisichoweza kufungua hata tundu la sindano.