Asilimia 29 ya vifo ni spidi. Je, hizo 71 zilizobaki ni za kwenda polepole?

Ukikaa kijiweni na madereva hukosi kuisikia hii: "Kama vifo vya spidi ni 29 katika 100, basi 71 wamekufa wakienda taratibu. Bora nikanyage."

Takwimu yenyewe ni ya kweli. Ni ya Marekani: mwaka 2022 watu 12,151 walikufa katika ajali zilizohusishwa na spidi, sawa na asilimia 29 ya vifo vyote vya barabarani nchini humo. Kosa liko kwenye hesabu inayofuata.

Hiyo 29 inakuambia waliokufa wamegawanyikaje. Haikuambii barabarani kulikuwa na wangapi wa kila upande. Chukua mfano wa kubuni: magari 10,000, yanayokimbia ni 1,000 na mengine 9,000 yanafuata sheria. Ajali za vifo ni 100, zikiwemo 29 za wanaokimbia. Kwao ni ajali 29 kwa magari 1,000. Kwa wenzao ni 71 kwa magari 9,000, yaani kama 8 tu kwa kila 1,000. Hatari imezidi mara tatu na nusu.

Ila badilisha mfano, wanaokimbia wawe nusu ya magari yote, na jibu linageuka. Kwa hiyo hata anayetumia 29 peke yake kukutisha hajathibitisha kitu, sawa na yule wa kijiweni.

Tena "spidi" kwenye takwimu hizo si kupita kibao tu. Aliyekuwa ndani ya kiwango lakini akakimbia kuliko hali ya mvua au ukungu inavyoruhusu naye anahesabiwa, kwa tathmini ya askari.

Takwimu inayosaidia zaidi ni ya Shirika la Afya Duniani (WHO): wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Hapa mwendo unalinganishwa na mwendo. Lakini soma vizuri: ni asilimia 4 ya hatari iliyokuwepo, si watu 4 katika kila 100. Hatari ya safari moja ni ndogo, ndiyo maana mtu anaweza kukuapia amekimbia miaka 20 bila mkwaruzo na asiwe mwongo.

Na zile 10 za juu ambazo wengi tunaziona si kitu hadi tukutane na tochi? Kwenye kibao cha 50, mtoto anakatiza mita 28 mbele yako. Lami kavu, breki nzima, sekunde moja ya kushtuka: ukiwa kwenye 50 unasimama karibu kabisa naye. Aliyekuwa kwenye 60 anafika pale pale akiwa bado na spidi ya kama 40.